Kadhi na Gurudumu la Mvuke

Ukitajwa mtambo wa mvuke, wengi wetu hukimbilia jina la James Watt. Lakini mwaka wa 1551 Taqiyuddin bin Maaruf, mzaliwa wa Damascus aliyepata kuwa kadhi, alieleza katika kitabu chake cha mitambo jinsi ya kuchoma nyama bila ya mtu kukaa akiigeuza: maji yachemke katika chombo kilichozibwa, mvuke utokee tundu jembamba, upige makafi ya gurudumu, nalo lizungushe kijiti cha nyama. Ni kazi ya jikoni, naam, lakini hekima yake si ndogo!

Mapenzi hayo hayakumwacha. Aliandika kitabu kizima juu ya saa za meno, na mwaka wa 1577, mjini Istanbul, akiongoza nyumba ya kutazamia nyota aliyojengewa na Sultani Murad III, alikuwa na saa ihesabuyo hata sekunde.

Mwaka huo huo ikazuka nyota yenye mkia, naye akambashiria Sultani ushindi. Hapo, kwa maoni yangu, alitoka katika ufundi akaingia katika mambo ya ghaibu, ambayo hayapimwi kwa saa. Tauni ikafuata, maneno ya wakubwa yakazidi, na mwaka wa 1580 Sultani akaamuru nyumba ile ibomolewe. Taqiyuddin alifariki mwaka wa 1585.