Muyaka bin Haji: Malenga aliyeishi zaidi ya ngome ya Mombasa

UKIUTAJA mji wa Mombasa, watu wengi hukumbuka Ngome ya Yesu, mizinga yake na kuta nene zilizojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Ni wachache wanaokumbuka kuwa historia ya mji huo imehifadhiwa pia katika tungo za mtu mmoja ambaye hakuwahi kuwa liwali wala kamanda wa jeshi.

Mtu huyo ni Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy, malenga wa Mvita anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1776 na kufariki dunia mwaka 1840. Katika miaka hiyo 64 Mombasa ilipanda hadi kuwa dola yenye kuogopwa katika pwani ya Afrika Mashariki, kisha ikaanguka. Muyaka aliyashuhudia yote mawili.

Alikulia katika mji uliokuwa ukijitawala. Waarabu wa Oman walikuwa wameiteka ngome kutoka kwa Wareno mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa takriban miaka mitatu. Katika karne iliyofuata ukoo wa Mazrui, ambao awali ulitumwa kutawala kwa niaba ya Oman, ulikataa kuutii ukoo mpya wa Busaidi ulioshika madaraka huko Arabuni.

Tangu hapo akina Mazrui waliitawala Mombasa kwa kushirikiana na makabila 12 ya Waswahili, maarufu kwa jina la Thenashara Taifa, yaliyogawanyika katika Miji Tisa na Miji Mitatu. Kisiwa cha Pemba nacho kilikuwa chini yao, na mchele wake uliilisha Mombasa.

Muyaka alikuwa mtu wa karibu wa watawala hao, hususan Liwali Abdallah bin Ahmed, aliyeshika uongozi mwaka 1814. Hata hivyo, sifa yake kubwa haikutokana na ukaribu huo, bali na namna alivyoitumia lugha ya Kimvita.

Kabla yake, ushairi mwingi wa Kiswahili ulioandikwa ulihusu dini. Zilikuwa tenzi ndefu za kumtukuza Mwenyezi Mungu, kuwasifu mitume na kuwaonya waja juu ya mauti. Muyaka aliutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni na barazani.

Alitunga juu ya mapenzi na ugomvi wa ndoa, juu ya mfanyabiashara aliyefilisika, marafiki wanaopotea mali inapokwisha, njaa na hila za watu. Alitega mafumbo, na washairi wenzake wakayafumbua kwa beti.

Chombo chake kilikuwa shairi la mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani 16 iliyogawanyika nane kwa nane, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Umbo hilo lilikuwapo pwani kabla yake, lakini ni yeye aliyelipa umaarufu mkubwa kiasi kwamba wengi walilihesabu kuwa lake.

Ubeti mmoja uliweza kushikwa kichwani na baharia asiyejua kusoma, ukavuka naye bahari hadi mji mwingine. Kwa sababu hiyo shairi likawa silaha ya siasa.

Hilo lilidhihirika wakati Mombasa ilipoungana na Pate dhidi ya Lamu. Mnamo mwaka 1812 hivi, majeshi ya miji hiyo miwili yalishuka Shela, katika kisiwa cha Lamu, yakiwa na matumaini ya ushindi wa haraka. Kabla na baada ya vita hivyo, washairi wa pande zote walirushiana beti za kejeli na vitisho. Upande wa Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na malenga ambaye naye hakuwa mtu wa kudharauliwa.

Mapigano ya Shela yalikuwa msiba kwa Mombasa. Masimulizi ya Lamu yanaeleza kuwa wavamizi walipokimbilia vyombo vyao waliyakuta maji yamekupwa na vyombo vimekwama, wakauawa ufukweni.

Madhara yake yalikuwa makubwa kuliko idadi ya waliokufa. Lamu, kwa kuhofia kisasi, iliomba ulinzi wa Seyyid Said bin Sultan wa Oman. Mtawala huyo akapata mlango wa kuingilia pwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1820 Mombasa ikaipoteza Pemba.

Akina Mazrui walijaribu kujikinga kwa bendera ya Uingereza. Mwaka 1824 Kapteni William Owen wa jeshi la majini la nchi hiyo alikubali kuiweka Mombasa chini ya ulinzi wake, lakini serikali ya London haikuuridhia mpango huo na mwaka 1826 ukafikia kikomo.

Seyyid Said hakukawia. Mwaka 1828 askari wake waliingia ngomeni kwa makubaliano, lakini muda mfupi baadaye wenyeji wakawatoa. Mashambulizi yake yaliyofuata nayo yalishindwa. Katika miaka hiyo Muyaka aliendelea kutunga, akiwatia moyo watu wa Mvita, akiwabeza maadui na kuwaonya wenzake wasilaghaike kwa ahadi za mtawala huyo.

Kilichoiangusha Mombasa hatimaye hakikuwa mizinga. Kulikuwa na mgawanyiko ndani ya ukoo wa Mazrui, na baadhi ya wenyeji wakawa wamechoshwa na utawala wao. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji. Wakubwa wa Mazrui walikamatwa na kupelekwa uhamishoni Bandar Abbas, ambako maisha yao yaliishia. Baadhi ya jamaa zao walihamia Gasi na Takaungu.

Muyaka aliishi takriban miaka mitatu zaidi, katika mji uleule, chini ya bendera aliyoipinga kwa miongo kadhaa. Alipofariki, marafiki zake wengi watawala walikuwa wamekwisha kuondoka, na hapakuwa na kitabu hata kimoja kilichochapishwa kwa jina lake.

Tungo zake zingeweza kupotea kabisa. Zilibaki katika vichwa vya wazee na katika karatasi chache za hati za Kiarabu, na kila mzee aliyezikwa aliondoka na beti zake.

Aliyeziokoa ni mwenyeji wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah Al-Batawi, ambaye katika karne hiyohiyo alizikusanya kutoka kwa waliozihifadhi. Alishirikiana na mmisionari Mwingereza, William Taylor, aliyeziandika na kuzifafanua. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890, na karatasi za Taylor zikahifadhiwa London.

Ilichukua miaka 100 tangu kifo cha Muyaka hadi diwani yake kuchapishwa, mwaka 1940 huko Johannesburg, chini ya uhariri wa William Hichens. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz alitoa uchunguzi mpana uliomweka Muyaka katika historia ya mji wake.

Mombasa haikukauka malenga baada yake. Ahmad Nassir na Abdilatif Abdalla, ambaye diwani yake ya Sauti ya Dhiki ilitokana na miaka aliyofungwa gerezani kwa sababu za kisiasa, ni miongoni mwa waliotoka katika mji huohuo.

Nje ya Mombasa pia, mwanafunzi wa Tanga, Pemba au Ifakara anayefundishwa kuhesabu mizani nane kwa nane hufuata mkondo ambao Muyaka aliutia nguvu.

Ngome ya Yesu imebadilisha wenyewe mara nyingi, na leo ni makumbusho. Beti za Muyaka zilibaki kwa watu wa Mvita hata pale mji wenyewe ulipokuwa mikononi mwa wengine.