Julius Nyerere, Mwalimu wa Ng'ambo ya Ziwa

Wavuvi wa Baraka wanajua ya kuwa ng'ambo ya Ziwa Tanganika, upande wa kusini-mashariki, iko Kigoma, mji wa Tanzania. Watu wengi wa Fizi walivuka ziwa hilo kukimbia vita ya mwaka 1996, wakapokewa kule katika kambi ya Nyarugusu. Rais wa kwanza wa nchi ile aliitwa Julius Kambarage Nyerere. Haya ndiyo maisha yake.

Kambarage alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Viktoria, mwaka 1922. Baba yake alikuwa mtemi wa Wazanaki. Kijana alichunga mifugo, wala hakuingia shule mpaka alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Lakini alikuwa na akili na bidii. Alisoma Musoma, kisha Tabora, kisha Makerere katika nchi ya Uganda. Mwaka 1943 alibatizwa, akaitwa Julius. Baadaye alifundisha katika shule ya Mapadri Weupe kule Tabora. Alikwenda pia kusoma Edinburgh, Ulaya, na aliporudi akafundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo watu walimwita Mwalimu mpaka kufa kwake.

Mwaka 1954 yeye na wenzake walianzisha chama cha TANU, ili Tanganyika ipate uhuru. Kazi mbili hazikuweza kwenda pamoja. Basi mwaka 1955 akaacha ualimu na mshahara wake.

Wakati ule, mbali kusini mwa Afrika, watu weusi walikuwa katika taabu kubwa. Tangu mwaka 1948 serikali ya makaburu ilitunga sheria nyingi za kutenga watu kwa rangi yao. Shule za weupe zilikuwa mbali na shule za weusi. Hata mabehewa ya treni na viti vya bustani viligawanywa. Mtu mweusi alipaswa kuchukua pasi popote aendapo. Akikutwa bila pasi, alifungwa. Ubaguzi huo uliitwa apatedi.

Mwaka 1959 Nyerere alikuwa London. Tarehe 26 Juni alisimama mbele ya mkutano wa Waingereza pamoja na Padri Trevor Huddleston, Mwingereza wa Kanisa la Anglikana aliyefukarika na weusi wa Johannesburg kwa miaka mingi. Nyerere hakuomba fedha wala silaha. Aliwaomba Waingereza wasinunue vitu vya Afrika ya Kusini tu. Maana kila anunuaye matunda ya nchi ile aliitia nguvu serikali ile. Mama wa nyumbani aliyeacha matunda hayo sokoni aliweza kuwasaidia watu asiowajua.

Mwaka uliofuata, tarehe 21 Machi, polisi wa Sharpeville waliwapiga risasi watu waliokataa pasi. Wakafa 69. Hapo watu wengi wa dunia walifumbuka macho, na chama kilichozaliwa katika mkutano ule wa London kikazidi kupata nguvu.

Mwaka 1961 Tanganyika ilikaribia uhuru. Nyerere aliandika katika gazeti la London ya kuwa nchi yake haitaingia katika Jumuiya ya Madola ikiwa Afrika ya Kusini itabaki ndani na ubaguzi wake. Nchi nyingine nazo zilipinga. Mwaka huohuo Afrika ya Kusini ikatoka.

Lakini Nyerere alijaribiwa nyumbani kwake pia. Mwezi wa Oktoba 1961 wabunge wengine walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa watu weusi tu. Wengi waliwakasirikia Wazungu na Wahindi kwa sababu ya mambo ya zamani. Nyerere akakataa kabisa. Akawaonya kwamba wakipitisha jambo hilo, yeye na mawaziri wake wataacha kazi. Aliona ya kuwa mtu hawezi kupiga vita ubaguzi wa makaburu huku akipanda mbegu yake katika shamba lake mwenyewe. Wabunge wakamfuata.

Baada ya uhuru, wapigania uhuru wa kusini walikimbilia Dar es Salaam. Walipewa kambi kule Kongwa, na baadaye shamba kule Mazimbu, karibu na Morogoro, wakajenga shule kwa watoto wao. Tanzania ilikuwa nchi maskini, na ukarimu huo uliigharimu. Mwaka 1965 Nyerere alivunja urafiki na serikali ya Uingereza kwa ajili ya weusi wa Rhodesia, nayo Uingereza ikazuia mkopo wa pauni milioni saba na nusu. Watu wake walikosa mali, lakini hakurudi nyuma.

Miaka ilipita. Mwaka 1985 Nyerere aliacha urais kwa hiari yake, akarudi Butiama kulima. Mwaka 1990 Nelson Mandela alitoka kifungoni, na mwaka 1994 watu wa rangi zote wa Afrika ya Kusini walipiga kura pamoja. Apatedi ikaisha. Mwalimu aliishi akayaona hayo. Alikufa tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Ni rahisi kulia tunapobaguliwa sisi. Kumkinga jirani asibaguliwe, hata akiwa si wa kabila letu, ni kazi ngumu zaidi. Nyerere alizifanya zote mbili.

MASWALI
1. Kwa nini Nyerere aliitwa Mwalimu?
2. Aliwaomba Waingereza wafanye nini?
3. Wabunge walitaka nini mwaka 1961? Kwa nini alikataa?
4. Tanzania ilipoteza nini kwa kuwasaidia wengine?