Daktari wa Jicho Moja na Watoto wa Nchi za Joto

Mama wa Chinongwe, katika wilaya ya Ruangwa iliyokuwa zamani sehemu ya Nachingwea, akiona shavu la mwanawe limevimba na meno yamelegea, la kwanza analolidhania ni jino bovu. Humsukutuza mtoto kwa maji ya chumvi, humpa dawa ya mizizi, kisha hungoja. Juma moja lapita, na la pili, na uvimbe umekwisha kufika chini ya jicho. Hapo majirani huanza kutafuta mchawi.

Leo tumeona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyetujulisha uvimbe wa namna hiyo waweza kuwa nini. Elimu yake haikuletwa kutoka mbali. Ilipatikana katika nchi zetu hizi, katika wodi za watoto wetu, nayo ilianzia katika swali fupi ambalo hata mtoto wa shule aweza kuliuliza: Wapi?

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali ya wilaya, na saa zake za mapumziko alizitumia kuwachunguza ndege wadogo wa bustanini. Aliwavika pete miguuni ili awatambue mmoja mmoja, akachora ramani ya mahali kila mmoja alipokaa. Ustadi huo wa kuchora ramani utaonekana tena kwa mwana.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa wavulana, na jicho lake la kuume likapotea. Wazazi waonao watoto wakirushiana mawe wakadhani ni mchezo, na wakumbuke habari hii. Alipokua aliingia chuo kikuu cha Trinity mjini Dublin ili awe mhandisi kama baba yake, lakini huko aliona kwamba Mungu amwita kuwatumikia wagonjwa, akageukia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Hakuwa wa Kanisa letu. Alikuwa Mprotestanti mwenye bidii, mtu wa sala na wa Maandiko maisha yake yote. Akawa daktari mpasuaji. Alipoomba kazi katika makoloni ya Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho lake moja. Vita Kuu ya pili ndiyo iliyomleta Afrika ya Mashariki, akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 alirudi Uganda akiwa daktari wa serikali.

Alipelekwa kwanza Lira, katika nchi ya Walango. Huko aliwapasua wanaume wengi wenye busha, maradhi ambayo watu wa Lindi na Mtwara hawana haja ya kuelezwa. Daktari mwingine angalipasua na kushona, basi. Burkitt aliuliza kila mgonjwa atokako, akagundua kwamba karibu wote walitoka upande wa mashariki ya wilaya, na wa magharibi walikuwa wachache mno. Busha husababishwa na minyoo midogo iletwayo na mbu, na mbu hao hawakai kila mahali sawasawa. Hivyo daktari huyu alijifunza jambo asilolisahau kamwe, kwamba mahali penyewe ni shahidi wa ugonjwa.

Baadaye alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957, Daktari Hugh Trowell, aliyejulikana sana kwa uchunguzi wake wa utapiamlo wa watoto, alimwita amtazame mvulana wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya zote mbili, ya juu na ya chini, kulia na kushoto, na uso wake ulikuwa umeharibika kabisa. Burkitt hakuweza kumsaidia. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile, na alipompapasa tumbo alikuta humo pia mna uvimbe. Mtoto mmoja aweza kuwa ajabu ya peke yake. Wawili walimfanya Burkitt afungue vitabu vya kumbukumbu za hospitali, na humo akawakuta wengi, kila mmoja ameandikwa chini ya jina la kiungo chake: huyu taya, huyu figo, huyu jicho. Akatambua kwamba yote ni maradhi mamoja, saratani ya watoto ikuayo upesi kuliko karibu saratani zote. Aliandika habari hizo mwaka 1958 katika gazeti la wapasuaji la Uingereza, na ni wachache waliozijali.

Sasa akarudia swali lake la Lira. Kwa fedha kidogo sana alipiga chapa karatasi zenye picha za watoto hao, akazituma zaidi ya elfu moja kwa hospitali za serikali na za misheni katika Afrika nzima, akiuliza kama wamepata kuona ugonjwa huo. Kila jibu lilipofika alichoma pini katika ramani ukutani. Pini zikaonyesha mshipi mpana ukikata Afrika katikati, na mkia wake ukishuka kwa njia ya pwani ya mashariki hadi Msumbiji.

Mpaka wa kusini wa mshipi huo ndio uliomsumbua. Mwezi Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson. Walisafiri majuma 10, maili 10,000, wakapita Tanganyika na nchi za kusini yake mpaka Afrika ya Kusini, wakaingia katika hospitali zaidi ya 50. Walipokewa na madaktari na masista wa vituo vya mbali ambao hakuna profesa aliyepata kuwauliza neno, na hao ndio waliokuwa na majibu.

Burkitt aliona kwamba karibu na ikweta ugonjwa hukoma kwenye miinuko ya kadiri ya futi 5,000, na kadiri mtu aendavyo kusini hukoma katika miinuko iliyo chini zaidi. Kilichoweka mpaka, basi, kilikuwa baridi. Penye joto la kutosha na mvua ya kutosha ugonjwa ulikuwapo. Penye baridi au ukame ulitoweka. Nchi ya Chinongwe, yenye joto na mvua za masika, imo ndani ya mshipi huo.

Ramani hiyo ilifanana na ramani ya mbu. Burkitt akadhani kwamba yuko mdudu mdogo wa ugonjwa, yaani virusi, achukuliwaye na mbu. Mwaka 1961 alisimulia habari zake London, na Anthony Epstein, aliyekuwa mtafuta virusi, akasikiliza. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wameviona virusi kwa hadubini ya elektroni. Lakini virusi hivyo vilikutwa duniani kote, katika damu ya karibu kila mtu, navyo huambukizwa kwa mate wala si kwa mbu. Je, ramani ilikuwa imesema uongo?

Haikusema uongo. Mbu alikuwamo, ila aliingia kwa mlango mwingine, nao ni malaria. Mtoto aliyekwisha kupata virusi hivyo, kisha akapigwa na malaria mara kwa mara, kinga ya mwili wake huchoka kuvizuia, na chembe za damu zilizo na virusi huongezeka mpaka siku moja mojawapo huharibika na kukua bila mpaka. Ndiyo sababu ilionekana kwamba Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepunguzwa sana, ugonjwa ulikuwa haba kuliko pwani ya bara. Kati ya miaka 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa dawa ya klorokwini ili malaria ipungue, na saratani hiyo ikapungua. Hata hivyo watafiti walisema wazi kwamba ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa, hawakujidai kuwa wamethibitisha. Twawasifu kwa uaminifu huo.

Kisu cha mpasuaji hakikufaa kitu kwa ugonjwa huu, na Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Burkitt alijaribu dawa mpya za saratani, kwa vipimo vidogo, na baadhi ya watoto waliokuwa wa kufa waliona uvimbe ukiyeyuka, wakarudi kwao wakakua. Saratani hii, ambayo leo yaitwa kwa jina lake, ilikuwa mojawapo ya saratani za kwanza kuponywa kwa dawa peke yake. Baada ya kurudi Uingereza katika miaka ya 1960 alijulikana tena kwa kuwahimiza watu wale vyakula visivyokobolewa. Alifariki mwezi Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Twaandika haya kwa kuwa ugonjwa ungalipo, na kwa kuwa siku za kungoja ndizo ziuazo. Uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili tu. Watoto wengi hupona wakianza dawa mapema na kuzimaliza. Wanaoletwa wamechelewa, au wanaotoroshwa nyumbani mara uvimbe unapotulia, wengi wao hatuwaoni tena. Basi mzazi aonaye taya au tumbo la mtoto limevimba upesi, meno yamelegea bila kuoza, au jicho limesukumwa nje, asingoje juma la pili. Amfikishe hospitali, na akipewa barua ya kwenda Muhimbili asiikunje na kuiweka sandukuni. Chandarua kisifanywe wavu wa samaki wala uzio wa bustani.

Nao wauguzi wetu wa zahanati za mbali wasione kazi ya daftari kuwa bure. Jina la kijiji lililoandikwa vizuri mbele ya jina la mgonjwa ni pini katika ramani. Burkitt hakuwa na macho mawili, wala fedha, wala mashine. Alikuwa na majibu ya watu kama hao, na kwayo watoto wengi wamepona.