Ibn Khaldun, Kadhi Aliyezipima Khabari

Katika darasa zetu za jioni tumeulizwa zaidi ya mara moja na vijana wetu: Je, ilimu ya tarekhe ina faida gani kwa Muislamu, naye anazo faradhi za dini na shughuli za kutafuta riziki? Tumeona jawabu iliyo bora si kukusanya hoja, bali ni kueleza maisha ya mtu mmoja aliyeitumikia ilimu hiyo na kuwatumikia watu kwa pamoja. Msomaji atayapima mwenyewe. Twamkusudia Waliyyuddin Abdur-Rahman bin Muhammad, maarufu kwa jina la Ibn Khaldun, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Tunis mwezi mosi Ramadhani mwaka 732 Hijriya, yaani tarehe 27 Mei 1332. Asili ya ukoo wake ni Hadhramaut, nchi ambayo jamaa wengi wa pwani yetu wana nasaba nayo. Wazee wake walihamia Andalus wakakaa Ishbiliya, wakawa watu wa cheo na ilimu. Walipoona Wakristo wanakaribia kuuteka mji ule, nao uliangukia mikononi mwao mwaka 1248, wakavuka bahari wakaja upande wa Afrika, na mwisho wakatulia Tunis. Babake aliacha mambo ya dola akashika ilimu, na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Akahifadhi Kur'ani, akasoma hadithi, fikihi ya Imamu Malik na lugha. Kisha akapata kwa Sheikh al-Abili ilimu za mantiki na hisabu.

Alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba ulikuja msiba mkubwa. Tauni ile iliyoenea ulimwenguni iliingia Tunis katika miaka ya 1348 na 1349, ikawachukua mama yake na baba yake na wengi katika waalimu wake. Yatupasa tulikumbuke jambo hili tunapovisoma vitabu vyake. Mtu aliyeona mji mzima ukipungua watu mbele ya macho yake si ajabu akaishi umri wake wote akijiuliza ni kitu gani kinachosimamisha miji, na ni kitu gani kinachoiangusha.

Akaingia katika utumishi wa dola akiwa na umri wa miaka ishirini. Kazi yake ya kwanza Tunis ilikuwa kuandika alama ya Sultani juu ya barua zake. Kisha akaenda Fez kwa Sultani Abu Inan, akawa miongoni mwa makatibu wake na wanavyuoni wa majlisi yake. Lakini barazani kwa wafalme neema na nakama ni jirani. Akasingiziwa kuwa amefanya shauri na adui wa Sultani, akatiwa gerezani mwaka 1357. Akakaa humo miezi ishirini na moja, mpaka Abu Inan alipokufa.

Baada ya kutoka aliwatumikia masultani wengine, wa Fez na wa Gharnata. Mwaka 1364 Sultani wa Gharnata alimtuma awe mjumbe kwa mfalme wa Kikristo, Pedro, aliyekuwa amekaa katika mji ule ule wa Ishbiliya walimotoka wazee wake. Mfalme akavutiwa naye, akamtaka akae kwake, na akaahidi kumrudishia mali ya ukoo wake. Akakataa kwa adabu, akarudi kwa aliyemtuma. Mwaka uliofuata akawa hajibu wa Sultani wa Bijaya, nacho ndicho cheo kikubwa kabisa katika dola ile. Mchana akiendesha mambo ya serikali, na baada ya hapo akisomesha msikitini.

Hatutaki kumpamba mtu kwa sifa asizokuwa nazo. Katika miaka ile Ibn Khaldun alibadilisha mabwana mara nyingi. Sultani wake wa Bijaya alipouawa vitani na binamu yake, yeye ndiye aliyeukabidhi mji kwa mshindi. Wako waliomlaumu kwa hayo zamani, na wako wanaomlaumu hata leo. Wengine wakasema kuwa ameuepusha mji na umwagaji wa damu. Sisi twasema kwamba alizama katika siasa ya zama zake, na mwenye kuzama hatoki mkavu. Bali fadhila yake ni kuwa alitambua hivyo mwenyewe, akatamani kutoka.

Mwaka 1375 akajitenga yeye na ahli zake katika ngome iitwayo Kal'at Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, chini ya himaya ya kabila moja la Waarabu. Akakaa huko muda wa miaka minne, mbali na mabaraza ya wafalme. Hapo ndipo alipoanza kitabu chake kikubwa cha tarekhe, Kitabul-Ibar. Na utangulizi wake, Mukaddima, aliuandika kwa muda wa miezi mitano tu, akaumaliza mwaka 1377. Utangulizi huo ndio uliolifanya jina lake lidumu.

Katika Mukaddima aliuliza swali ambalo kwa sura hiyo hatumjui aliyeliuliza kabla yake: Kwa nini wapokezi wa tarekhe hukosea? Akajibu kuwa wengine hukosea kwa kupendelea madhehebu yao, wengine kwa kutaka kujipendekeza kwa wakubwa, wengine kwa kumwamini mno aliyewapa khabari. Lakini sababu kubwa kuliko zote ni kutojua tabia ya mambo ya wanadamu, jinsi watu wanavyokusanyika, wanavyopata riziki, wanavyopigana na wanavyotawala. Akasema kuwa katika khabari za matukio haitoshi kumchungua mpokezi kama ni mkweli. Kwanza yapasa kutazamwa jambo lenyewe, kama laweza kuwa au haliwezi. Likiwa haliwezi, hapana haja ya kumchungua aliyelieleza.

Akatoa mfano. Al-Mas'udi na wengineo walipokea kwamba Nabii Musa aliwahesabu Wana wa Israili jangwani, akaona wenye kuweza kupigana ni laki sita au zaidi. Ibn Khaldun akauliza: Jeshi la idadi hiyo lingepangwa safu wapi? Upande mmoja ungejuaje hali ya upande wa pili? Na kati ya Nabii Yaakub na Nabii Musa ni vizazi vichache, basi watu wachache waliongezekaje hata wakafika hesabu hiyo? Kwa maswali haya mepesi akaiangusha khabari iliyonakiliwa kwa karne nyingi.

Hata hivyo hakufundisha kukanusha kila kigeni. Akataja mwenyewe kisa cha Ibn Battuta, msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, mwaka mmoja kabla ya Ibn Khaldun kuzaliwa. Aliporudi Maghrib akaeleza ajabu za mfalme wa Bara Hindi, watu wakanong'ona kuwa ni mwongo. Ibn Khaldun naye akaingiwa na shaka, akamwambia waziri mmoja. Waziri akamwonya kwa kisa cha mtoto aliyelelewa gerezani pamoja na babake, asione mnyama ila panya. Kila alipoelezewa kondoo au ngamia akadhani ni namna ya panya. Ibn Khaldun akalipokea onyo hilo akaliandika: ujinga wetu wa jambo si dalili kuwa halipo.

Akaeleza pia jinsi dola zinavyoinuka na kuanguka. Msingi wake ni asabiya, yaani mshikamano wa watu wanaojiona kuwa kitu kimoja. Kizazi cha kwanza hushinda kwa mshikamano na uvumilivu, cha pili huonja raha, cha tatu husahau kabisa. Ndiyo maana akakadiria kuwa dola kwa kawaida haizidi vizazi vitatu vya miaka arobaini arobaini, yaani miaka 120. Akasema kuwa mwanzoni mwa dola kodi huwa ndogo na mapato huwa makubwa, na mwishoni kodi huwa kubwa na mapato yakawa madogo, kwani watu huvunjika moyo wakaacha kazi. Na waalimu wa vyuo vyetu tungependa wajue pia alivyoandika juu ya bakora: ukali mwingi humfundisha mtoto uwongo na hila, ukamwondolea utu wake.

Akarudi Tunis, lakini husuda za baadhi ya wanavyuoni zikamchosha. Mwaka 1382 akaomba ruhusa ya kwenda Hija, akapanda jahazi kuelekea Misri. Sultani Barkuk akamkaribisha, na mwaka 1384 akamfanya Kadhi Mkuu wa madhehebu ya Imamu Malik mjini Kairo. Hapa ile mizani ya khabari ikaingia mahakamani. Aliwakuta mashahidi waliokuwa wakiuza ushahidi wao, waandishi wa hati wakizigeuza mali za wakfu kwa hila, na watu wasio na ilimu wakitoa fatwa. Akawachungua mashahidi, akawaadhibu waongo, akakataa maombezi ya wakubwa. Kwa hayo akajipatia maadui wengi.

Katika siku hizo hizo akapatwa na msiba wa pili wa maisha yake. Ahli zake walikuwa wakimfuata kutoka Tunis, na chombo chao kikavunjika karibu na Iskandaria, wakazama. Mwaka uliofuata akauzuliwa ukadhi. Akapokea hukumu ya Mola wake, akaendelea kusomesha, na mwaka 1387 akahiji. Katika umri wake alipewa ukadhi wa Kairo mara sita na kuuzuliwa mara tano. Mara ya sita aliuzuliwa na mauti tu.

Mwishoni mwa mwaka 1400 alifuatana na Sultani Faraj kwenda Dimishki kuikinga na majeshi ya Timur. Sultani aliposikia fununu za fitina Misri akarejea upesi, akauacha mji. Ibn Khaldun, naye mzee wa karibu miaka sabini, akateremshwa kwa kamba juu ya ukuta akaenda mwenyewe kuonana na mshindi yule wa kutisha. Alimpelekea zawadi ya Msahafu, msala mzuri na halua ya Misri. Timur akamuuliza khabari nyingi za Maghrib, na kwa amri yake akamwandikia maelezo ya nchi zile. Naye akaomba amani kwa makatibu na watumishi wa Misri walioachwa nyuma, akapewa. Lakini mji wenyewe haukusalimika. Ukaporwa, na moto ukaufikia Msikiti wa Banu Umayya. Hapo mwana-tarekhe aliona kwa macho yake yale aliyoyaandika kwa kalamu, dola changa yenye mshikamano ikiuponda mji wa raha.

Akafa Kairo tarehe 26 Ramadhani mwaka 808, yaani 17 Machi 1406, hali ya kuwa ni kadhi. Akazikwa katika makaburi ya Masufi nje ya Babun-Nasr. Miongoni mwa wanafunzi wake ni al-Makrizi, aliyeipima tarekhe ya njaa na bei za Misri kwa njia iliyofanana na ya mwalimu wake. Mukaddima ilipigwa chapa Misri mwaka 1857 na Paris mwaka 1858, na tangu hapo imefasiriwa kwa lugha nyingi.

Limebaki jambo moja ambalo si haki kulinyamazia, nasi tu watu wa Afrika. Ibn Khaldun aliikataa hadithi isemayo kuwa weusi wa watu ni laana iliyompata Ham mwana wa Nuhu, akasema sababu yake ni joto la nchi. Na katika kitabu chake amehifadhi khabari za wafalme wa Mali, akiwemo Mansa Musa, ambazo lau si yeye nyingi zingepotea. Lakini katika Mukaddima hiyo hiyo aliandika juu ya watu weusi wa nchi za joto maneno ya kuwadharau utu wao, aliyoyapokea kwa wengine bila ya kuyatia mizanini. Hapo alifanya kosa lile lile alilowalaumu waliomtangulia. Wala hatusemi haya kwa kumvunjia heshima. Mizani aliyotuachia haimjui bwana wake, humpima yeye kama impimavyo al-Mas'udi.

Basi hii ndiyo jawabu yetu kwa vijana. Anayeisoma tarekhe kwa njia hii hujifunza kusimama kidogo kabla ya kusadiki, na kusimama kidogo kabla ya kukanusha. Visa vya asili ya miji yetu, nasaba tunazojifakhiri nazo, maneno yanayovuma sokoni juu ya mtu fulani, yote yataka kuulizwa kwanza: Je, jambo hili laweza kuwa? Na ni nani anayefaidika kwa kulisema? Muislamu ameamrishwa ahakikishe khabari asije akawadhuru watu kwa ujinga. Tarekhe ni chuo cha amri hiyo. Na mali za wakfu na haki za mayatima katika pwani yetu hazitasalimika ila kwa watu waliosoma chuo hicho, wakawa hawanunuliki.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn Khaldun, amsamehe aliyoyakosea, na atujaalie sisi tuwe katika wenye kusikiliza maneno wakafuata yaliyo mema yake. Amin.