Aliondoka Mombasa, Kazi Ikabaki: Maisha ya Johann Ludwig Krapf

Masomo ya wiki: Matendo ya Mitume 1:1-11, Yohana 16:5-7, Waefeso 4:7-13, Waebrania 7:25



Alhamisi hii inatimia siku ya arobaini tangu Pasaka, siku Bwana alipopaa. Wakatoliki na Waanglikana huiadhimisha. Sisi Wapentekoste, tuseme ukweli, huwa tunairuka. Tunatoka kwenye kaburi lililo wazi, tunakimbia moja kwa moja mpaka chumba cha juu kwenye moto na lugha, na hapo katikati Bwana anapaa bila mtu wa kumsindikiza. Lakini Pentekoste haiji bila kupaa. Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi kwamba ni faida kwao yeye aende, kwa sababu asipoenda Msaidizi hatakuja. Hebu jiweke mahali pa Petro. Mtu unayemtegemea kwa kila kitu anakwambia kuondoka kwake ni faida yako. Wewe ungekubali?

Swali hili si la vitabuni tu. Tangu mashine za kuchuma majani chai ziongezeke katika mashamba makubwa, washirika wetu wengi wamefungasha vitu wakarudi Kisii, Nyanza na Magharibi, na wengine wameenda kujaribu Nairobi. Kuna ushirika wa kambini uliokuwa unajaza chumba mpaka watu wanasimama mlangoni. Leo wanatosha benchi mbili. Mama mmoja aliniuliza, baada ya ndugu aliyewaanzishia ushirika kuondoka na familia yake, kama wao waliobaki bado ni kanisa au ni watu tu wanaongoja nyumba za kampuni zifungwe.

Wacha nijibu kwa maisha ya mtu ambaye hakuwahi kufika Kericho wala Bomet, lakini tunakula matunda ya kazi yake kila Jumapili.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa kijana wa miaka kumi na mmoja jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulifanya, akalala kitandani karibu miezi sita. Hapo kitandani ndipo alipoanza kuisoma Biblia kwa makini na kuwaza mambo ya milele. Baadaye, akiwa shuleni, akaiona ramani ya Afrika, na upande huu wetu wa mashariki ulikuwa na majina machache sana. Ile nafasi tupu haikumtoka akilini.

Alisomea umisheni Basel, Uswisi, akajiunga na shirika la CMS la London, na mwaka 1837 akatumwa Ethiopia. Kule hakukaa kwa raha. Alifukuzwa Adwa mwaka 1838, akaenda Shoa kwa mfalme Sahle Selassie, na mwaka 1842 akatoka kwenda Misri kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich. Walipooana na kutaka kurudi Shoa, wakakuta njia imefungwa. Katika kuhangaika kutafuta njia nyingine, Rosine akajifungua mtoto wa kike huko nyikani, na mtoto akafa. Walimpa jina la Eneba, maana yake chozi.

Januari 1844 wakafika Unguja. Seyyid Said, sultani aliyetawala pwani wakati huo, alimpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa watu wake, na mwezi wa tano wakahamia Mombasa. Rosine alikuwa na mimba tena. Tarehe 6 Julai akajifungua binti, wakati mumewe naye ameshikwa na homa. Tarehe 13 Rosine akafa. Mtoto hakukawia, naye akamfuata mama yake. Walikuwa Mombasa kwa miezi miwili tu.

Kabla hajakata roho Rosine aliomba azikwe bara, sio kisiwani, kando ya njia waliyopita Wamijikenda, ili hata kaburi lake liwakumbushe wapitaji kwa nini alikuja. Lipo Nyali mpaka leo. Ukienda Mombasa usiishie ufukweni, pita pale.

Sasa angalia alichofanya mume. Aliandika barua kwa viongozi wa CMS, naye bado hana nguvu, akawaambia kwamba kaburi hilo la pwani ni dalili kuwa mapambano ya injili upande huu wa dunia yameanza, na kwamba wajiandae, maana kanisa hupata ushindi likipita juu ya makaburi ya watu wake. Mtu anaweza kusema ni huzuni iliyomchanganya. Mimi sisemi hivyo. Naona mtu aliyeamini alichokiri, kwamba Yesu aliyeketi kuume kwa Baba anatawala kweli. Waebrania inasema yu hai siku zote ili atuombee. Tena hakupaa kama roho isiyo na mwili. Alipaa na mikono ile ile aliyomwonyesha Tomaso. Kwa hiyo aliyemwombea Krapf mwezi ule wa saba alikuwa Mtu anayejua msumari. Kama kupaa ni Yesu kwenda mbali tu, basi barua ile ni wazimu. Lakini kama ni Yesu kukalia kiti cha enzi, ile ni barua ya askari anayejua jemadari wake yuko wapi.

Mwezi Juni, kabla ya msiba, Krapf alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Baada ya msiba hakuiacha kazi hiyo. Na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Hili huwa linanifurahisha, kwa sababu katika kitabu chake cha safari Krapf ana maneno makali juu ya Waislamu, na juu ya Wamijikenda pia, ambayo sitayarudia hapa. Mungu alimtumia na ukali wake, na Mungu alimtumia kadhi. Kiswahili wakati huo kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Krapf akachagua hizi herufi tunazotumia sisi. Sura za mwanzo za tafsiri yake zilichapwa Marekani mwaka 1847, na mwaka 1850 akatoa kitabu cha sarufi.

Mwaka 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi wa nane wakafungua kituo Rabai. Walihamia wote wawili wakiwa na homa. Mtu wa kwanza kumpokea Yesu kupitia Krapf alikuwa mlemavu maskini aitwaye Mringe. Alibatizwa akiwa anakaribia kufa.

Nikueleze pia habari ya mlima. Mwaka 1848 Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui nyumbani kwa mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba aitwaye Kivoi, akauona Mlima Kenya na weupe wake. Habari zilipofika London, msomi mmoja wa jiografia, W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili la ndani, akawabishia kwa miaka. Ati theluji karibu na ikweta haiwezekani. Krapf hakuwa na picha ya kuwaonyesha. Alikuwa na macho yake tu na neno lake. Na wale kumi na mmoja pale Mlima wa Mizeituni hawakuwa na zaidi ya hapo: walimwona akiinuliwa, wingu likamchukua, wakarudi Yerusalemu kusema walichokiona.

Mwaka 1851 alirudi Ukambani akitaka kufungua kituo. Safari hiyo ikaharibika kabisa. Karibu na mto Tana walivamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini bila chakula. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kubebea maji, basi akajaza mtutu wa bunduki na mfuko wa ngozi wa darubini yake, akatembea usiku kuelekea kwa watu. Alipona. Kituo hakikufunguliwa.

Mwaka 1853 afya ikamshinda, akaondoka kurudi Ujerumani.

Mimi nilisomea biashara chuoni, kwa hiyo siwezi kuyasoma maisha haya bila kupiga hesabu. Mtaji: miaka tisa, mke, watoto wawili, afya. Mapato: ubatizo wa mtu mmoja aliyekufa, kituo kimoja chenye watu wachache, makaratasi ya tafsiri. Krapf alikuwa na ndoto ya mlolongo wa vituo kutoka Mombasa kuvuka Afrika mpaka bahari ya magharibi. Siku anapanda chombo kuondoka, hata Ukambani hapakuwa na kituo. Ukiniletea vitabu vya namna hiyo kama vya tawi la kampuni, nakwambia funga tawi.

Lakini vitabu vya hesabu vinafungwa kila mwisho wa mwaka, na hapo ndipo vinapokosea kuhusu ufalme huu. Piga hesabu ya wanafunzi siku ile ya arobaini. Miaka mitatu ya huduma, na kiongozi ameondoka. Hana kitabu alichoandika, hana jengo. Luka anasema waliokusanyika walikuwa kama mia na ishirini. Na bado Paulo, akiwaandikia Waefeso, anasema kwamba ni alipopaa juu ndipo alipowapa wanadamu vipawa: mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji, walimu. Yaani kupaa ndiko kulikoigawa kazi. Akiwa Galilaya, mtu wa Yerusalemu alilazimika kungoja. Alipopaa, Roho akashuka, na fundi wa mahema, mwanamke mwuza vitambaa na towashi wa Kushi wakawa mikono yake mahali pengi kwa wakati mmoja. Mama yangu wa kambini, hapo ndipo lilipo jibu lako. Aliyeanzisha ushirika wenu si yule ndugu. Yule ndugu alikuwa kipawa mlichopewa, na Mpaji hajahama na lori lililobeba vitanda vyake.

Haimaanishi kwamba kuondoka hakuumi. Rebmann alibaki Rabai zaidi ya miaka ishirini baada ya Krapf kwenda, muda mwingi karibu peke yake, akiendelea na kamusi na tafsiri huku macho yakififia. Aliporudi Ujerumani mwaka 1875 alikuwa kipofu. Alikwenda kukaa Kornthal, alikoishi Krapf, na mwaka uliofuata akafa. Ninapohubiri juu ya kupaa huwa namfikiria Rebmann kuliko Krapf. Kuna wanaoondoka na kuna wanaobaki kukaa na benchi mbili, na Biblia haisemi wanaobaki wana kazi ndogo.

Krapf naye hakustaafu. Mwaka 1862 alirudi pwani na wamisionari wa Kimethodisti, akawasaidia kuanza kituo cha Ribe, kisha akaenda zake tena. Kule Kornthal alishughulika na lugha mpaka uzee. Asubuhi moja ya Novemba 1881 alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, mwenyewe hayupo.

Mwaka 1895 kikundi cha wamisionari wa Africa Inland Mission kiliteremka Mombasa kikiongozwa na Peter Cameron Scott, kikaelekea Ukambani, kule kule Krapf aliposhindwa. Scott akafa mwaka uliofuata. Lakini katika kikundi kile alikuwemo kijana Mmarekani, Willis Hotchkiss, na huyo ndiye aliyekuja huku kwa Wakipsigis mwaka 1905 akafungua misheni ya Lumbwa. Wazee wetu wengine waliisikia injili kupitia mlango huo.

Na lugha? Kwenye kambi za chai Mkipsigis anakaa ukuta mmoja na Mkisii, Mjaluo na Mluhya. Nyumbani kila mtu ana lugha yake, lakini tukiomba pamoja tunaomba kwa Kiswahili, na tukisoma tunasoma Biblia ya Kiswahili, iliyoandikwa kwa herufi zile alizochagua mjane mmoja mwenye homa pale Mombasa. Tafsiri tunayoishika mkononi ni ya wengine waliokuja baadaye, na toleo la Muungano lilikamilika mwaka 1952. Krapf alitangulia tu kulima.

Ushirika wa benchi mbili utaendelea. Tumeshakubaliana kwamba huyo mama ndiye atakayeongoza maombi kuanzia wiki hii. Alhamisi ya kupaa tutakuwa nao kambini saa kumi na mbili jioni, baada ya majani kupimwa. Mvua haitatuzuia, ila kuja na gambuti, maana barabara ya chini imeharibika. Tutasoma Matendo sura ya kwanza yote. Aliye na simu ya mshirika aliyehama, tafadhali amletee mama namba, tutawapigia mmoja mmoja tuwaombee huko waliko.