Barua Iliyobaki Roma

Ukisimama asubuhi ufukweni hapa Mbweni utaona ngalawa zikirudi kutoka kuvua. Ni gogo jembamba lililochongwa. Bila yale matengo mawili ya pembeni lingepinduka upesi. Wazee wetu walilijua hilo kwa mikono. Aliyehangaika kutafuta hesabu ya kuyumba kwa meli kubwa ni Mwingereza William Froude, mtoto wa kasisi wa Kianglikana.

Alizaliwa Dartington mwaka 1810, akasoma hisabati Oxford, akajenga reli chini ya mhandisi Brunel. Mwaka 1846 aliacha kazi ili amtunze baba yake mzee (vijana wa maofisini, mnasikia?). Brunel ndiye aliyemrudisha, kwa swali kuhusu meli yake kubwa, Great Eastern: itayumbaje baharini? Mwaka 1861 Froude alieleza kwamba kila meli ina mdundo wake wa kuyumba, kama bembea. Mawimbi yakija kwa mdundo uleule, kila moja huongeza msukumo wa lililotangulia, hata meli kubwa ikalala ubavu. Alipendekeza mbavu ndefu zifungwe chini ubavuni mwa meli, zisukumane na maji na kupunguza kuyumba. Baadaye alijenga bwawa refu huko Torquay la kuvutia mifano midogo ya meli. Mfano wenye urefu wa sehemu moja ya 16, ukivutwa kwa robo ya kasi ya meli yenyewe, hutoa mawimbi ya umbo lilelile. Mpaka leo meli hupimwa kwa njia hiyo.

Nyumbani kwake kulikuwa na wimbi lingine. Yeye aliona akili ya binadamu haina haki ya kudai hakika kamili juu ya jambo lolote, dini ikiwamo. Mkewe Catherine akaingia Ukatoliki mwaka 1857, na watoto kadhaa wakafuata. Aliumia. Hata hivyo hakuvunja urafiki na Padre John Henry Newman, ambaye Catherine alikuwa akiandikiana naye. Mimi nimeona parokiani familia zikigawana vyombo kwa sababu ndogo zaidi. Froude na Newman walibishana kwa barua miaka mingi, na kitabu cha Newman cha mwaka 1870, kuhusu jinsi mtu anavyofikia kuamini, kilichota humo.

Catherine alifariki mwaka 1878. Mjane huyo akasafiri kwa meli ya jeshi hadi Afrika Kusini. Mwishoni mwa Aprili 1879 Newman, ambaye leo ni Mtakatifu, alikuwa Roma, mgonjwa, akisubiri kufanywa kardinali. Akakaa kumwandikia rafiki yake barua ndefu juu ya jambo lilelile. Froude alifariki Simonstown tarehe 4 Mei. Barua haikutumwa.