Mayinga N'Seka, muuguzi aliyekufia kazini



Sisi watu wa mugoti tunajua: kushuka chini bila kaske ni kutafuta kifo. Leo tunawaeleza maisha ya mutu wa kazi ambaye hakushuka shimoni hata siku moja, lakini kazi yake ilimuua vilevile. Jina lake Mayinga N'Seka, muuguzi wa Kliniki Ngaliema, Kinshasa, wakati inchi yetu ilikuwa inaitwa Zaïre.

Mwaka 1976 Mayinga alikuwa kijana wa miaka 20 na kidogo tu. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda kuongeza masomo ng'ambo, na karatasi za safari zilikuwa zinatengenezwa. Mwisho wa mwezi wa 9, ndege ilileta Ngaliema masista wa misioni ya Yambuku, kule Équateur, mmoja wao akiwa mgonjwa sana. Mayinga alikuwa kati ya wale waliowaangalia. Ugonjwa wenyewe haukuwa bado na jina.

Ulitoka wapi? Lopitali ya Yambuku ilikuwa na vitanda 120, bila daktari. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano 5 tu kwa wagonjwa wote wa siku. Sindano ilisuuzwa kwa maji ya moto kidogo, kisha ikaingia kwa mutu mwingine. Haikuwa roho mbaya, vyombo ndivyo vilikosa. Katika watumishi 17 wa lopitali, 11 walikufa, milango ikafungwa. Kwa jumla watu 318 waliugua, 280 wakafa.

Katikati ya mwezi wa 10, homa ikamushika Mayinga. Alizunguka mjini siku mbili, kufuata karatasi zake na kutafuta matunzo. Habari iliposikika, Kinshasa ikashikwa na woga. Wakamulaza Ngaliema, na mbele mwezi haujaisha akafa. Ile safari ya masomo haikufanyika. Virusi vya Ebola vilivyotolewa katika damu yake vinaitwa Mayinga hata leo, na vimewasaidia wataalamu wa dunia kutafuta chanjo.

Nyuma ya miaka 19, mwaka 1995, Ebola ikafika Kikwit. Watumishi wa afya 80 waliugua. Lakini ma-gants, maski na nguo za kujikinga zilipoletwa na kuvaliwa, maambukizi kati yao yakasimama karibu kabisa. Wauguzi walikuwa walewale, na roho yao ileile. Vyombo ndivyo vilivyobadilika.

Njo maana tunaandika. Katika vijiji vyetu vingi, jamaa wanatumwa kununua sindano na ma-gants wakati mama ameshikwa na uchungu, na muuguzi anangojea mikono mitupu. Sendika inapokaa mezani na kampuni kuomba kaske na bote, iulize pia mambo ya lopitali: ma-gants yako? Sindano zinatosha? Maji yanatoka? Kwa sababu mwenzetu akivunjika mguu chini, ni muuguzi anayemupokea.

Na siku muuguzi anakataa kugusa damu bila ma-gants, tusimuite mvivu. Tusimame pamoja naye mpaka ayapate.